Kaimu wa Dakika Tano

Katika mifumo endeshi ya Unix na Linux yupo mtumiaji mmoja asiyezuiliwa na lolote. Anaitwa root. Akitaka atasoma barua za kila mtu, atafuta akaunti zote, hata mfumo wenyewe anaweza kuubomoa, na kompyuta itatii. Ndiyo maana fundi makini hafanyi kazi zake za kila siku kwa jina hilo.

Lakini mamlaka hayo hayakwepeki. Chukua jambo dogo tu: kubadili nenosiri. Faili linalotunza maneno ya siri huandikwa na root peke yake, maana mwenye uwezo wa kuliandika anaweza kujitwalia akaunti ya yeyote. Na bado kila mtumiaji ana haki ya kubadili nenosiri lake. Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix katika Bell Labs, alilitatua kwa alama ndogo inayowekwa kwenye faili la programu, iitwayo setuid. Programu yenye alama hiyo, hata iitwe na nani, hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili. Ile ya kubadili nenosiri ni mali ya root; mtumiaji huiita, nayo humrekebishia sehemu yake tu, kisha hufunga. Mamlaka yamekwisha hapo hapo. Wazo hilo lilipewa hataza ya Marekani mwaka 1979.

Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo waliusukuma mbele mpango huo kwa programu waliyoiita sudo. Nenosiri la root likishajulikana na watu watano, nani atasema ni yupi kati yao aliyefuta faili usiku? Sudo haimuulizi mtu nenosiri la root. Humuuliza lake mwenyewe, ikakagua orodha inayoeleza nani aruhusiwe amri ipi, kwenye mashine ipi, kisha ikaandika kwenye kumbukumbu jina lake na amri aliyoitoa. Anayehusika na kunakili data za akiba anaweza kupewa amri moja tu, basi. Akishathibitishwa, kwa mpangilio wa awali haulizwi tena kwa dakika 5. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huziongeza hadi 15. Ni kaimu hasa: ana madaraka ya mkuu, lakini kwa muda, kwa kazi iliyotajwa, na saini ni yake.

Windows ilichelewa. Katika XP ya mwaka 2001 watu wengi nyumbani walitumia akaunti ya msimamizi asubuhi hadi jioni, na kirusi kilichoingia kilirithi kila kitu. Vista ya mwaka 2007 ilimpunguzia mamlaka hata msimamizi, hadi akubali kwenye kidirisha, huku skrini ikififia ili programu nyingine isije ikabofya kwa niaba yake. Wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ulikera. Vidirisha vilijitokeza mno, watu wakazoea kukubali bila kusoma, na wengine wakaizima kinga yote. Windows 7 ililazimika kupunguza maswali.

Anayegawa mamlaka sharti naye awe nayo, na hapo ndipo penye hatari. Januari 2021 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza dosari iliyokaa ndani ya sudo tangu Julai 2011. Mkwaju mmoja uliogeuzwa nyuma, ukiachwa mwishoni mwa maandishi ya amri, uliweza kuifanya programu iandike data nje ya nafasi yake kwenye memori. Mtumiaji yeyote, hata asiyekuwemo kwenye orodha ya walioruhusiwa, angeweza kujigeuza root bila nenosiri.

Sudo imeandikwa kwa C, lugha inayomwachia mwandishi wa programu jukumu la kulinda mipaka ya memori. Oktoba 2025, Ubuntu 25.10 ilitoka ikiwa na sudo-rs, iliyoandikwa upya kwa Rust, lugha ambayo hulinda mipaka hiyo yenyewe. Ile ya zamani bado inapatikana kwa anayeihitaji.