Mkasi Usubiri Maleleji

Vitabu vya bonsai, ile miti midogo ya chunguni, hukubaliana: mti unaopukutisha majani upogolewe mwishoni mwa majira ya baridi. Baridi ipi? Huku Gede, pwani ya Kenya, Januari ndipo tunapolala milango wazi.

Ushauri wenyewe si mbaya, ila umeandikiwa mti wa kwingine. Kule Tokyo mchana wa kiangazi hukaribia saa kumi na nne na nusu, na wa baridi haufiki saa kumi. Mti wa mepo (maple) huisoma tofauti hiyo, ukarudisha chakula chake shinani na mizizini kikiwa wanga, kisha ukaangusha majani. Anayeukata wakati huo haupokonyi chakula, huyaona matawi yote yalivyokaa, na machipukizi yakianza kusukuma, kidonda huziba upesi.

Gede mchana hautofautiani hata nusu saa mwaka mzima. Mibuyu yetu huvuliwa majani na kiu. Kaskazi ikikausha ardhi kuanzia Januari, kila jani huwa mlango wa kupotezea maji, na mti huifunga milango yake. Basi majira yetu ya kupumzika ndiyo yaleyale ya jua kali, na wakati wa kupogoa huangukia Machi, maleleji yanapoingia: kaskazi imelegea, kusi haijashika, na mvua ya mwaka haiko mbali.

Lakini usikate kwa kalenda. Tazama macho ya mti. Yakianza kuvimba, hapo ndipo. Mkungu, kwa mfano, huweza kugeuka mwekundu na kupukutika zaidi ya mara moja kwa mwaka, nao haukuulizi tarehe.

Mbuyu ndio unaonitia hofu. Mti wake ni laini, umejaa maji kama sifongo. Niliwahi kukata tawi nene mwezi wa sita, mvua ikinyesha. Kidonda kililoa, kikaoza, na uozo ukateremka hadi shinani. Siku hizi nakata ungali uchi, wiki mbili au tatu kabla ya mvua, naukinga na manyunyu, na simwagilii mpaka nione jani. Waridi la jangwani nalo lataka ukavu huohuo, na utomvu wake ni sumu: nawa mikono kabla hujagusa jicho au chakula.

Kuna hila moja ya chungu. Mti unaomwagiliwa kila jioni hauijui kaskazi. Huendelea kuwa kijani huku wenzake wa msituni Arabuko-Sokoke wakipukutisha. Ukiukata huo ukadhani umelala, umeukata ukiwa kazini. Punguza maji kidogo kidogo tangu Januari, uache majani yaanguke yenyewe. Usiukaushe kabisa, maana mizizi ya chunguni haina pa kukimbilia.

Mvua ikishakolea, kazi ni ya vidole. Chipukizi likifikisha majani matano au sita, libakize mawili, na majani yajayo yatakuwa madogo. Vuli ikija Oktoba au Novemba, punguza vitawi tu. Matawi manene yaache: kiangazi kimekaribia, na mti utahitaji kila ulichoweka akiba.

Anayetaka kuona mizizi ikikumbatia mawe bila mkasi wa mtu aingie magofuni Gede, pale miti ya jamii ya mkuyu ilipokalia kuta za matumbawe. Aende Machi, mibuyu ikiwa bado uchi, achore jinsi matawi yalivyogawanyika.