Protini ya Korodani Yafuata Nini Katika Titi?



Mama mmoja wa Mbagala, mgonjwa wa saratani ya titi, alituletea swali pamoja na ugomvi. Kijana wake alisoma mahali kwamba katika saratani ya titi huweza kuonekana protini ya korodani. Nyumbani wakakata shauri kuwa baba ndiye aliyemwambukiza. Vikao vya ukoo vikaitishwa. "Sista, ni mume wangu?" akauliza. Bwana mwenyewe alikaa kwenye benchi la nje, hataki kuingia.

Hapana, si mume. Saratani ya titi haiambukizwi. (Ya shingo ya kizazi ni habari nyingine: hiyo huletwa na virusi vya HPV, vinavyopitia kujamiiana.)

Karibu kila seli ya mwili imebeba kitabu kizima cha maagizo ya urithi tuliyopokea kwa baba na mama. Lakini seli ya ini haisomi ukurasa wa jicho. Kurasa zisizohitajika hufungwa. Mmojawapo wa wasimamizi wa kazi hiyo ni protini iitwayo CTCF, iliyomo karibu katika kila seli. Mwaka 2002 watafiti walitangaza habari za ndugu yake, wakampa jina BORIS. Sehemu zao za kushikia kitabu zinafanana sana, ila kwa mtu mzima BORIS hufanya kazi hasa ndani ya korodani, mbegu za kiume zinapotengenezwa. Kwingine ukurasa wake hufungwa.

Ukurasa huo wanawake nao wanao. Haumo katika kromosomu ya kiume, umo katika ile ya 20, ambayo sote tunayo. Seli inapogeuka kuwa saratani, mihuri mingi hulegea, na BORIS huweza kuamka ndani ya titi, pafu au ovari. Basi protini ile imetengenezwa na seli za mama mwenyewe. Je, ndiyo inayoleta saratani, au ni alama tu ya uharibifu? Watafiti bado wanavutana. Katika maabara imeonekana kuamsha kurasa nyingine za korodani, zile za jamii ya MAGE.

MAGE zilianza kujulikana Brussels, Ubelgiji, mwaka 1991. Kwa kuwa askari wa mwili hawakuzizoea, wanaweza kufundishwa kuziwinda. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba inayolenga MAGE-A4: askari hutolewa katika damu ya mgonjwa, hurekebishwa maabara, kisha hurudishwa mwilini. Ni kwa saratani moja adimu ya nyama laini, siyo ya titi. Kwa BORIS hakuna dawa wala kipimo cha kawaida hospitalini, kwa hiyo mtu asikuuzie.

Wanaume nao wanisikilize. Pwani hii tumezoea busha, basi kila uvimbe wa korodani huitwa busha, na mtu hukaa nao akiona aibu. Busha ni maji. Kokwa yenyewe ikiwa ngumu au ina kinundu, hata kisichouma, nenda hospitali ya Temeke au Mwananyamala. Mama aliyeshika uvimbe kwenye titi naye afanye hivyo hivyo. Ikibidi, utaandikiwa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Yule mama anaendelea na dripu zake. Mumewe ndiye anayembebea faili.