Majani ya ini na karanga zenye kuvu

Kisha mkutano wa koperative hapa Pinga, mama mmoja alinivuta pembeni. Alikuwa na unga wa majani ndani ya kifuko, aliununua sokoni juu ya bwana yake aliyevimba tumbo. "Agronome, hii inaponyesha kansa ya ini?"

Sikumcheka. Maganda ya kenkina inayolimwa kwetu Kivu ndiyo yanatoa kinini ya malaria. Na wataalamu wanajaribu vitu vya mimea juu ya kansa ya ini. Kule Qidong, nchini China, watu 180 waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya klorofilini, inayotengenezwa na rangi ya kijani ya majani, wengine vidonge visivyo na dawa, mara 3 kwa siku, miezi 4. Kwa waliomeza klorofilini, alama ya sumu ya kuvu kwenye mkojo ilishuka kwa asilimia 55. Lakini hao hawakuwa wagonjwa wa kansa. Sumu ilipungua, hakuna aliyeponyeshwa. Unga wa sokoni ni kitu kingine kabisa, na kuna majani yanayoharibu ini. Nikamwambia ampeleke mzee hospitali, kwani tumbo huvimba kwa sababu nyingi na zingine zinatibika.

Sumu ile ni aflatoksini. Inatoka kwa kuvu ya mahindi na karanga, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004, Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliua watu 125. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi inaleta kansa ya ini, zaidi kwa mwenye hepatiti B. Chanjo ya watoto, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, musiikose.

Qidong, watu walipoacha mahindi wakala muchele, kansa ilipungua. Sisi hatutaacha bugali, basi tukaushe juu ya bashi, si udongoni, hata kama mvua yetu haitupi nafasi. Kupima: tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu kabisa ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana na chupa, rudisha juani.

Kinachoniuma ni hiki: karanga nzuri tunamuuzia mnunuzi, zilizojikunja tunabakiza za kusaga ndani ya sombe ya watoto. Zile muzizike. Hata kuku musiwape.