Kambi Ikiwa Manispaa: Nani Anaandika Mpango wa Mji?

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI:  

Leo tunachambua neno ambalo mmelisikia sana sokoni na kwenye foleni ya mgao: manispaa. Kuna wanaosema manispaa maana yake kambi inafungwa. Wengine wanasema sasa tutapewa uraia. Wengine wanasema ni njia ya kutoza kodi tu, basi. Twende polepole.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Kambi hupangwa kama mahali pa kupita: hema, bomba la maji, kituo cha mgao. Lakini watu wamekaa, wamezaa, wamefungua maduka. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Turkana na UNHCR walizindua mpango wa maendeleo wa Kakuma na Kalobeyei, ule unaoitwa KISEDP. Lengo lake ni mkimbizi na mwenyeji watumie shule, hospitali na soko pamoja. Mwaka 2021 Kenya ikapitisha Sheria mpya ya Wakimbizi, na mwaka 2023 Kakuma ikapewa hadhi ya manispaa. Mwezi Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi zigeuke kuwa makazi jumuishi yenye huduma za serikali.

Sasa, manispaa ni nini? Ni mji wenye bodi yake na meneja wake, chini ya kaunti. Kazi yake ni mambo ya kila siku: barabara za mtaa, taka, mitaro ya maji, masoko, taa za barabarani.

Na siyo nini? Manispaa haikupi uraia. Haikupi hati ya shamba. Haikupi kura. Kama ulihitaji kibali cha kusafiri jana, leo bado unakihitaji. Atakayekuambia vinginevyo, hasa akikuomba pesa, usimpe.

Basi faida iko wapi? Hapa sikilizeni vizuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mpango. Maana yake, mtaro ambao haukuandikwa kwenye mpango hauwezi kupewa pesa, hata kama kila mtu anajua unahitajika. Kwanza mpango, halafu bajeti, halafu tingatinga.

Chukua mfano wa mto Tarach. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, hata ile ya mbali, unajaa kwa muda mfupi na kubeba nyumba na vyoo. Nani anajua maji hupita wapi? Siyo mhandisi aliyekuja jana na ramani. Anayejua ni mama aliyehamisha watoto usiku, na mzee wa Kiturkana aliyelisha mbuzi hapo tangu utoto. Wawili hao wasipofika kikaoni, soko jipya linaweza kuchorwa juu ya njia ya maji.

Mfano wa pili ni biashara zetu. Mwaka 2018 shirika la IFC, la kundi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti kuhusu Kakuma kama soko. Waligundua maduka zaidi ya 2,000, ya jumla yakiwa 14, na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Kabla ya hapo, nje tulijulikana kama watu wa kupokea tu. Baada ya hesabu hiyo ukaanzishwa mfuko wa kusaidia kampuni na wafanyabiashara kuwekeza hapa. Kilichohesabiwa kilionekana.

Lakini tuseme ukweli. Mji una gharama. Kaunti inataka ada ya leseni, na mgao nao umepungua. Mwenye genge la nyanya anauliza: nitalipa kwa nini, kama taka bado zimejaa mbele ya genge? Swali hilo ni halali, na mahali pake ni kwenye kikao cha mpango. Wenyeji nao wana hofu yao: ardhi ni ya jamii yao, na wanaogopa mji utameza malisho. Tukiwasikiliza mapema, hatutagombana baadaye.

Sheria ya miji inawapa wakaazi nafasi ya kutoa maoni. Sheria ya Wakimbizi nayo inataka mahitaji ya wakimbizi yafikiriwe mipango inapotengenezwa. Kwa hiyo fanya hivi:

Moja, muulize kiongozi wa bloku yako kikao cha maoni kitakuwa lini na wapi.
Mbili, kaeni bloku nzima na mchague mambo matatu tu. Orodha ya mambo thelathini haisomwi.
Tatu, semeni mahali kamili: mtaro upi, njia ipi, unaathiri nyumba ngapi.
Nne, andikeni, mpeleke nakala, mbaki na nakala.
Tano, bajeti ikitoka, rudini mkaulize kama jambo lenu limo.

Wengine mtasema, mimi nangoja kurudi nyumbani, mji wa hapa wanihusu nini? Ndugu yangu, Mungu akujalie urudi salama. Lakini mtoto wako anakunywa maji ya hapa leo.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji: Mambo matatu ya bloku yenu ni yapi? Jirani mwenyeji angetaja yapi? Yapi yanafanana? Anzeni na hayo yanayofanana.

 

(Muziki wa kufunga)