Sherifu wa Picha na Kopo la Masara

Juzi nilikuwa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, kumtazama mpwa wangu mwenye duka huko. Baada ya Magharibi tukakaa katika hoteli ya chai yenye televisheni. Vijana wa mashimoni walikuwa wamejaa tele, wanatazama picha ya koboi. Mtu kauawa. Sherifu (si Sharifu wetu, wasomaji) akaichukua glasi, akainyunyizia unga mweusi, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akamtaja muuaji. Hadithi yenyewe ilisemwa ni ya mwaka 1874. Nikacheka peke yangu.

Asubuhi yake kicheko kilinikauka. Mchimbaji mmoja alikuwa ameibiwa kichupa cha zebaki, na kopo alimokificha likaokotwa tupu. Zebaki ni sumu, lakini ndiyo inayokamata chembe za dhahabu ndani ya mchanga uliosagwa, na bei yake si mchezo. Basi vijana wale wale wa jana wakalinyunyizia kopo unga wa mahindi, wakaona alama ya dole gumba, wakamkamata mtoto wa miaka kama kumi na sita anayebeba mawe. "Ni yake!" wakasema. Fimbo zilikwisha kushikwa.

Nikaomba kusema, kwa heshima ya mvi zangu. Nikawaambia sherifu wao amewadanganya. Mwaka 1874 hakuna askari wa Marekani aliyemtafuta muuaji kwa alama za vidole. Ni mwaka 1880 ndipo Henry Faulds, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa Tokyo, alipoandika kwamba alama hizo zaweza kumfichua mhalifu. Huko Argentina, mwaka 1892, mama mmoja alikiri kuwaua wanawe baada ya kuonyeshwa alama ya damu mlangoni. Na kwa makoboi wenyewe? Thomas Jennings wa Chicago alihukumiwa kwa ushahidi huo mwaka 1910, na mahakama kuu ya Illinois ikaithibitisha hukumu mwaka 1911. Zama hizo motokaa zilikwisha kupiga honi mjini! Hata kupambanua damu ya mtu na ya mnyama kulianza 1901. Nawasamehe jambo moja tu watengenezaji wa picha hizi: sherifu akigundua sumu ya aseniki, hakosei, kwani James Marsh wa Uingereza alikwisha kuvumbua njia yake mwaka 1836.

"Haya, Mzee wa Mombasa," akauliza mkubwa mmoja wa pale, "na hili kopo la leo lasemaje?"

Halisemi kitu, nikamjibu, mpaka alama yake ilinganishwe mstari kwa mstari na dole la mtoto, na dole hilo hakuna aliyelichukua. Sisi tuliosoma chuoni twajua ncha za vidole zimetajwa katika Suratul Qiyama. Lakini kuzipanga ili zitafutike kulitaka hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa Calcutta na Qazi Azizul Haque, Muislamu wa Bengali, pamoja na Hem Chandra Bose. Wakazigawa mafungu 1,024. Ofisi ikafunguliwa mwaka 1897, na sifa zote akazibeba bwana mkubwa wao, Edward Henry.

Yule mzee akatikisa kichwa. Baba yake alikuwa mmoja wa wale waliotundikwa kipande shingoni na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1920. "Walichukua vidole vya baba," akasema, "kabla hajaiba hata yai."

Kisha akauliza nani amelishika kopo asubuhi ile. Mikono saba ikainuka, na wa mwenye kopo miongoni mwayo. Mpwa wangu akaleta wino wa muhuri kutoka dukani. Mzee akataka wale saba watie dole kwanza, mtoto atafuata.

Hakusogea mtu. Fimbo zikaanza kuwekwa chini moja moja, na mtoto akaokota karai lake akarudi kwenye mawe. Zebaki haijaonekana mpaka naandika haya.