Onyo la Betri katika Gari la Umeme: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Gari la umeme lina betri mbili, na ujumbe wa onyo kwenye dashibodi unaweza kuhusu yoyote kati yake. Betri kubwa, iliyolazwa chini ya sakafu, ina volti zipatazo 400, na katika baadhi ya magari 800. Hiyo ndiyo inayozungusha mota. Betri ndogo ya volti 12 huendesha kompyuta, taa, kufuli za milango na kontakta, yaani swichi nzito zinazounganisha betri kubwa na gari. Kwa hiyo gari ambalo betri yake kubwa imejaa linaweza kugoma kuwaka kwa kuwa betri ndogo imeisha chaji. Fundi huanza kwa kujua ni ipi kati ya hizo mbili yenye tatizo.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Saudi Arabia. Lucid ilifungua kiwanda kaskazini mwa Jeddah Septemba 2023, Tesla ikaingia sokoni Aprili 2025, na serikali ilitangaza mwaka 2021 kuwa inataka asilimia 30 ya magari ya Riyadh yawe ya umeme ifikapo 2030. Katika mitaa ya Riyadh kama Malaz, uliojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watumishi wa serikali, magari mengi hulala nje. Mwezi Julai joto la mchana mjini hapo hupita nyuzi 43 kivulini, na joto ni adui wa betri zote mbili.

Betri ndogo ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa kuipima ni rahisi. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi kwenye mita, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu, na chini ya 11.9 imeisha. Kisha gari huwashwa na kupimwa tena. Kipimo kikipanda hadi kati ya volti 13 na 15, kibadilishi kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kuichaji ndogo kinafanya kazi, na kosa huenda liko kwenye betri yenyewe au kwenye vichwa vyake vilivyolegea au kuota kutu. Kisipopanda, kubadilisha betri hakutasaidia, maana mpya nayo itaisha. Mwaka 2024 Hyundai na Kia ziliita magari zaidi ya 140,000 nchini Marekani kwa hitilafu ya namna hiyo: kifaa cha kuchaji kilikuwa kikiharibika, betri ndogo inaisha, na gari linaweza kupoteza nguvu barabarani.

Maonyo ya betri kubwa ni ya namna tatu. La kwanza ni la joto. Seli za lithiamu hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 15 na 35 hivi. Zikipanda mno, kompyuta ya betri hupunguza kasi ya kuchaji na nguvu ya mota ili kuzilinda. Onyo likitokea mchana wa jua baada ya kuchaji kwa kasi, kisha likatoweka gari likipumzika kivulini, huenda ni ulinzi huo tu. Likirudi hata usiku, hukaguliwa kiwango cha kulanti (maji ya kupoza), pampu, feni, na rejeta kama imezibwa na vumbi la jangwani. Gari lisilo na mfumo wa kupoza betri kwa maji huumia zaidi. Wenye Nissan Leaf, gari la aina hiyo, katika jiji la Phoenix, Arizona, lenye joto linalokaribia la Riyadh, walilalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zinapungua uwezo mapema mno, na kampuni ikaongeza dhamana kwa upungufu huo.

La pili ni la seli zisizolingana. Betri hupangwa seli nyingi mfululizo, na moja dhaifu huzuia zote. Dalili yake ni asilimia inayoshuka ghafla, kwa mfano kutoka 20 hadi 5 ndani ya kilomita chache. Kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu huonyesha volti ya kila seli. Iliyoachana sana na wenzake ndiyo yenye kosa, na mara nyingi moduli yake huweza kubadilishwa bila kununua betri nzima.

La tatu ndilo la hatari: upotevu wa kihami. Msimbo wake katika magari mengi ni P0AA6, na maana yake ni kwamba umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi, mara nyingi kwa sababu ya maji au waya uliochubuka. Gari hili haliendeshwi wala kuchajiwa. Nyaya za rangi ya machungwa haziguswi na mtu asiyefunzwa. Fundi hukata umeme kwa plagi ya huduma, hungoja dakika ambazo mtengenezaji ameagiza ili kapasita ziishiwe umeme, huvaa glavu za volti 1,000, na hupima kuhakikisha hakuna volti kabla ya kufungua chochote.

Wakati mwingine gari ni zima na kosa liko ukutani. Nyumba nyingi za zamani nchini Saudi Arabia ziliwekewa umeme wa volti 127, kabla ya uamuzi wa mwaka 2010 wa kuhamia volti 230. Soketi dhaifu au isiyo na waya wa ardhini huifanya chaja ikatae au ikatekate umeme. Gari likichaji vizuri kwenye kituo cha umma, anayehitajika ni fundi umeme wa nyumba.

Kinga ni ndogo na hailipiwi. Anayesafiri majira ya joto huacha betri kubwa ikiwa karibu nusu, gari kivulini, na kamera za ulinzi zimezimwa ili zisinyonye umeme. Baada ya matengenezo yoyote, msimbo hufutwa, gari huendeshwa na kuchajiwa hadi lijaribiwe katika hali ileile iliyoleta onyo. Msimbo ukirudi, chanzo bado hakijapatikana, na upimaji huanza upya kwenye betri ndogo.