Dawa za Siri na Fedha za Mkulima

Mkulima wa Kalinzi hungoja miezi mingi mpaka kahawa yake ikomae, ichumwe na kuuzwa. Siku anapoishika fedha hiyo wako wengi wanaoimezea mate, na mmojawapo ni muuza dawa mwenye kipaza sauti, ambaye chupa yake moja hutibu kisukari, mgongo, utasa na mikosi. Yafaa tumtazame bwana huyu, kwa kuwa biashara yake ni kongwe.

Huko Uingereza wenzake wa kale walipewa hati za mfalme za kuuza dawa fulani peke yao, na ndiko lilikotoka jina la dawa za hataza. Baadaye wengi hawakuomba hati yoyote, kwani mwenye kuomba hataza hana budi kueleza kilichomo, nao walitaka siri. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilizipima dawa hizo na kutangaza yaliyomo. Vidonge vya Beecham, vilivyouzwa zaidi ya shilingi moja kijisanduku, vilikuwa shubiri, tangawizi na sabuni, vitu vyenye gharama ya sehemu ya nane ya peni! Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Dawa ya kuwatuliza watoto iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup ilikuwa na mofini, na wako watoto waliolala wasiamke. Sheria ya 1906 ndiyo iliyowalazimisha wauzaji kuandika sumu ya namna hiyo kwenye chupa.

Ufukwe wa Tanganyika nao una habari yake. Dkt. Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 akiwa mahututi. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, mpagazi alipotoroka nalo. Vidonge vyake vya homa alivibuni mwenyewe kwa kwinini, jalapa, rubabi na kalomeli. Kalomeli ni chumvi ya zebaki, nayo ni sumu. Lakini Livingstone hakuficha mchanganyiko wake, kwa hiyo waliokuja nyuma waliweza kuupima: kwinini ikabaki, zebaki ikatupwa. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitaka wasomaji waishike.

Sasa twende Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijijini Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kilichochemshwa kwa mti wa mugariga. Hatumwiti mwizi, kwani alitoza shilingi 500 tu. Waliovuna ni wenye magari. Hata hivyo wagonjwa walifia njiani na kwenye foleni, na wako wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Wale walioacha dawa zao, ni nani aliyewahesabu?

Tusieleweke kwamba tunadharau miti shamba. Kwinini yenyewe ni gome la mti wa Amerika ya Kusini, na dawa mseto ya malaria ina asili yake katika mmea wa Kichina, ambao utafiti wake ulimpatia mama Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mganga anayeujua mti wake na kukubali upimwe ni mwenzetu. Ugomvi wetu ni na chupa isiyo na jina la kilichomo, inayomfanya mzazi akae siku tatu na mtoto mwenye homa, hali zahanati ipo na kipimo cha malaria ni cha dakika chache.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili waganga na dawa zao. Dawa za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019. Basi kipaza sauti kitakapolia tena siku ya gulio, viongozi wa kijiji na wasimame mbele ya watu wamwombe bwana huyo cheti chake cha usajili, na akikosa, wamwite mganga mkuu wa wilaya kabla fedha za kahawa hazijabadilisha mikono.